Siku Wafaransa Waliposhinda Kakamega

Nimestaafu. Funguo za karakana nilimkabidhi naibu wa mwalimu mkuu siku ya Ijumaa. Jumatatu iliyofuata niliamka mapema kama kawaida, nikavaa ovaroli, nikafika hadi langoni kabla sijakumbuka kwamba sikuwa na pa kwenda. Mke wangu Selina alikuwa akiniangalia kutoka jikoni. Hakucheka. Alisema tu, "Kama unatafuta kazi, mlango wa kibanda cha kuku umelegea." Nikautengeneza. Kazi ndogo kama ile niliifanya asubuhi nzima kwa sababu sikutaka iishe.

Siku ya kuniaga, ninyi mafundi vijana, wapishi na walinzi mliniomba niandike yale niliyoyaona shuleni. Nimejaribu. Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, halafu chuo cha ufundi cha kijijini, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha. Niliingia nikiwa fundi na nikatoka nikiwa fundi, hakuna hadithi hapo. Nitaandika zaidi kuhusu vita iliyopiganwa Ulaya zaidi ya miaka mia sita iliyopita, kati ya Waingereza na Wafaransa. Najua mtashangaa. Lakini hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo ambayo bado haijanitoka moyoni.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Okwaro, mtu wa Butere, aliyekuwa fundi wa shule kabla yangu. Hakuniuliza cheti. Alinipa patasi na jiwe la kunolea, akaenda kunywa chai. Aliporudi alijaribu makali kwa nywele za mkono wake, akanirudishia. Nikanoa tena. Wiki yangu ya kwanza yote iliisha hivyo, sikugusa ubao hata mmoja. Nilipomwuliza nitaanza kazi lini, alijibu, "Na hii unayofanya unadhani ni nini, maombi?"

Alinifundisha kuutazama ubao kabla ya kuukata, kupiga randa kwa kufuata nyuzi za mti, na kupaka sabuni kwenye skrubu ili iingie taratibu kwenye mbao ngumu. Alinifundisha pia nisimkaribishe mwalimu karakana asubuhi, kwa sababu akishakaa tu atataka kabati. Alipostaafu alirudi kwao Butere, nami niliendelea kumtembelea mpaka alipotuacha. Randa yake ya chuma ndiyo hiyo mnayoitumia, yenye mpini uliofungwa waya. Msifungue ule waya.

Baada yake nilikaa peke yangu miaka mingi na madawati, vitanda na milango ya mabweni. Mlango wa bweni ni kitu cha ajabu. Una kitasa, lakini sijawahi kumwona mwanafunzi anayekiamini. Mwaka wa mgomo walivunja viti vya bwalo karibu vyote, na nilipomaliza kutengeneza vile vilivyoweza kutengenezeka, jikoni walipata kuni za muhula mzima. Mpishi mkuu, Mama Ayuma, alisema mgomo una faida zake.

Halafu akaja Madam Namalwa. Alikuwa mtu wa Malava, mfupi, mwenye sauti iliyofika barabarani. Alifundisha Historia na Kiswahili. Aliingia karakana asubuhi, wakati ule ule ambao Mzee Okwaro aliukataza, akasema, "Fundi, nitengenezee kitu cha kusimamia. Ubao wa darasa langu walimwekea twiga." Nilimtengenezea jukwaa dogo la mbao. Alilisimamia hadi siku alipoondoka shuleni.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa chama cha maigizo. Walifanyia mazoezi nusu ya nyuma ya karakana, kwa hiyo michezo yake yote niliisikia nikipiga misumari. Niliwatengenezea vitanda vya wagonjwa, viti vya machifu, na jeneza moja ambalo mlinzi alikataa kukaa nalo chumba kimoja. Walikwenda kwenye tamasha la maigizo la shule kila mwaka, na kila mwaka walirudi mapema. Shule yetu ya Lurambi ni ndogo, na zile shule kubwa zilikuja na mabasi yao na ngoma zao. Madam hakujali sana. Alisema watoto wanaoogopa kuongea darasani wanaongea jukwaani, na hiyo inamtosha.

Haikumtosha mwalimu mkuu mpya. Alikuwa mtu wa sayansi, si mtu mbaya, lakini kila chumba alichokiona alikiona kimejaa kompyuta. Siku moja alikuja karakana pamoja na Madam, akatembea ile nusu ya nyuma akiangalia kuta.

"Hapa patatosha," alisema. Kisha akamgeukia. "Madam, nakupa mwaka huu mmoja. Mkivuka ngazi ya kaunti, chama kitaendelea. Msipovuka nafunga, watoto warudi kwa hesabu."

"Hatujawahi kuvuka hata kaunti ndogo, Bwana Mkuu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alipoondoka, Madam aliketi juu ya rundo la mbao. Nilidhani atalia. Badala yake aliniuliza, "Fundi, unaijua Agincourt?"

"Ni dawa?"

"Ni vita."

Alivyoitamka yeye sikuweza. Sisi wa karakana na jikoni tuliita Ajinkoti, na hivyo ndivyo nitakavyoandika.

Alinisimulia huku nikipiga msasa. Mfalme wa Waingereza alikuwa amevuka bahari na jeshi ambalo sasa lilikuwa limechoka, lina njaa, na wengi wanaharisha. Walichotaka ni kufika pwani warudi kwao tu. Wafaransa wakawazibia njia. Walikuwa wengi zaidi, na mbele walijaa mabwana wakubwa waliovaa chuma toka kichwani hadi miguuni. Mahali penyewe palikuwa shamba lililolimwa karibuni, katikati ya misitu miwili. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi wale mabwana waligombania nani asimame mbele, kila mmoja akiitaka sifa. Kisha wakaanza kutembea kwenye tope.

"Hapo ndipo vita ilipoisha," Madam alisema. "Mishale ilisaidia, lakini tope ndilo lililopigana."

Walizama. Walio nyuma wakawasukuma walio mbele. Waingereza, ambao wengi wao walikuwa watu wa kawaida wenye pinde, walikuwa wamechomeka vigingi vyenye ncha mbele yao. Walipiga mishale, kisha wakaingia matopeni na nyundo na mashoka. Mabwana wengi hawakufa kwa jeraha. Walianguka, wenzao wakawaangukia, wakakosa hewa. Nilimwelewa vizuri. Kila mtu wa sehemu za miwa ameona trekta iliyojaa ikizama shambani, na dereva anazidi kukanyaga mafuta.

"Na waliokamatwa?" nilimwuliza.

"Mfalme aliamuru wauawe."

"Wakiwa wamejisalimisha?"

"Wakiwa wamejisalimisha."

"Utaweka hiyo kwenye mchezo?"

"Nitaiweka, Fundi. Siwezi kuchukua ushindi nikaacha hiyo nyuma. Hiyo itakuwa kudanganya watoto."

Yakumbukeni maneno hayo mtakapofika mwisho. Mimi nayakumbukanga kila siku.

Jikoni hawakufurahi. Mama Ayuma aliweka mwiko chini aliposikia. "Waingereza tena, Madam? Hao si ndio walitutawala? Leo tuwapigie makofi?"

"Mama, wakati huo hawakujua hata Kakamega iko wapi."

"Heri wangeendelea hivyo hivyo bila kujua."

Lakini alitupa mikebe yote mikubwa ya mafuta ya kupikia. Niliikata, nikaikunjua, nikaipiga kwa nyundo juu ya kipande cha reli mpaka ikalala, nikakunja kingo ili isikate mtoto. Vipande niliviunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ili bega liweze kuinuka. Kofia zilinisumbua zaidi. Ile sehemu ya uso inayofunguka niliifunga kwa bawaba za madirisha. Nilijaribu ya kwanza kichwani mwangu, bawaba ikakwama, na nililazimika kutembea hivyo hadi jikoni kutafuta mafuta. Wapishi hawajamaliza kuisimulia. Pinde nilitengeneza kwa matawi ya mpera, ambayo yanapinda bila kuvunjika, na mishale nikaitia vichwa vya sponji ya magodoro makuukuu. Vigingi vilikuwa vya mkaratusi.

Kiongozi wa Wafaransa alikuwa mvulana anayeitwa Lusweti, mrefu, mtoto wa wakulima wa miwa, mpole sana hata akikukanyaga anaanza yeye kulia. Nilipomvalisha chuma mara ya kwanza alisema, "Fundi, hii inaniuma kwapani."

"Hata wao iliwauma."

"Lakini wao walikuwa na farasi."

"Wengi walitembea kama wewe. Inua mkono."

Sasa tope. Madam alikuwa mwangalifu. Alikwenda mjini kwenye ukumbi ambako tamasha la kaunti lingefanyika, akapima jukwaa kwa kamba, akarudi, na nyuma ya bwalo, kwenye shamba la mboga la shule, akapima urefu ule ule. Hapo ndipo Wafaransa walipojifunza kutembea. Tulianza muhula wa tatu, na mvua ya alasiri ya huku hamhitaji kuelezwa. Mwingereza mmoja, msichana mwenye sauti nzuri aliyeigiza mpiga mshale, alikuwa na hotuba ndefu. Alizungumza kuhusu mama yake na shamba lao, na kuhusu njaa. Alipokuwa akizungumza, Lusweti na wenzake walikuwa wanakuja, hatua moja moja, wakivuta miguu, wakianguka na kuinuana. Walifika kwenye vigingi hasa pale hotuba ilipokwisha. Niliona jambo lile mara nyingi na kila mara nywele zilinisimama. Chuma kilikuwa cha mikebe ya mafuta, lakini uchovu ulikuwa wa kweli.

"Si wangejifanya tu?" nilimwuliza Madam.

"Mtoto akijifanya, unaona anajifanya. Acha miguu ijifunze. Tukifika jukwaani, miguu itakumbuka."

Januari jua likakausha shamba. Tukaanza kubeba maji. Wafaransa na Waingereza pamoja, kwa ndoo, kutoka kwenye tangi, kulainisha udongo kabla ya kila zoezi. Mama Ayuma alisimama mlangoni pa jikoni akituangalia. "Nimeishi," alisema. "Nimeona watu wakimwagilia sukuma wiki, nimeona wakimwagilia maua. Sasa nimeona walimu wakimwagilia tope."

Tulicheka sote. Hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo. Hata yeye hakuwa amejiuliza, alikuwa anatucheka tu.

Ngazi ya kaunti ndogo ilifanyika nje, kwenye uwanja wa shule moja, na mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia. Nyasi zilikuwa nzito. Watoto waliigiza kama walivyofundishwa, na tukapita. Tulipita kwa mara ya kwanza tangu Madam aje. Mwalimu mkuu mwenyewe alimshika mkono mbele ya shule nzima akasema, "Bado moja." Madam alirudi karakana, akafunga mlango, akacheza peke yake kwa miguu yake mifupi katikati ya vumbi la mbao. Mimi nilijifanya natafuta misumari.

Kisha ikafika siku ya kaunti. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa, na sakafu yake ilikuwa ya mbao nzuri zilizopakwa nta zikang'aa. Niliishika kwa kiganja. Viungo vilikuwa vimefungana vizuri hata kucha haingeingia. Nilimsifu moyoni fundi aliyeifanya, na hayo tu ndiyo niliyofikiria. Tulitandika magunia tuliyoyatia rangi ya udongo, tukasimamisha vigingi juu ya miguu ya mbao kwa sababu huwezi kuchomeka kitu kwenye sakafu ya watu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Msichana mpiga mshale akaanza hotuba yake, na ukumbi ukanyamaza. Kutoka upande wa pili Lusweti akashusha uso wa kofia yake, akainua upanga, na Wafaransa wakaja.

Walikuja wakikimbia. Si kwamba walitaka. Walikuwa watoto waliozoea kuvuta miguu kutoka kwenye tope, na sasa walipovuta hakukuwa na kitu kilichoishika. Nguvu yote ile ikawatupa mbele. Watu walipiga kelele, na kelele zikawaongezea mwendo. Msichana alikuwa bado anasema kuhusu mama yake walipofika kwenye vigingi. Vigingi vikaanguka vyote kama mabua. Wafaransa wakapita. Lusweti alijaribu kusimama, gunia likateleza chini yake, akampiga kikumbo mfalme wa Waingereza, mfalme akaenda chini chali, taji likabingirika hadi kwa waamuzi.

Kukawa kimya. Lusweti akasimama juu ya mfalme na upanga wake mkononi. Akafungua uso wa kofia.

"Samahani, Mfalme," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Madam alikuwa amesimama karibu nami nyuma ya pazia, akimwashiria kwa mikono miwili na kusema kwa midomo, "Rudi! Rudi!" Lusweti alimwona. Akageuka kwa askari wake akatangaza kwa sauti kubwa, "Wafaransa, turudi! Tuanze upya!"

Wakarudi. Wakaanza upya, polepole mno safari hii, kama watu wanaobeba mayai, na watu waliendelea kucheka hata pale walipokufa. Mmoja wa waamuzi, mwenye kofia ya mkeka, aliivua akajifutia machozi. Kengele ya muda ikalia kabla mateka hawajauawa. Sehemu ile ambayo Madam alisema hawezi kuiacha nyuma haikuonekana kamwe.

Hatukuvuka.

Jioni ile jikoni Mama Ayuma alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kanga yake. "Sasa Waingereza wamepigwa," alisema, "na wamepigiwa Kakamega. Mwambie Madam asilie sana." Sikumwambia. Madam alikuwa hajalia. Alikuwa amekasirika.

Katika chumba cha walimu walikuwa wameanza kumwambia kwamba tumeibiwa. Mmoja alisema mwamuzi wa kofia ana undugu na mwalimu wa shule iliyoshinda. Mwingine alisema shule kubwa huwa zimeshapewa nafasi kabla pazia halijafunguliwa. Nadhani walisema hivyo kwa upendo. Hawakuwa ukumbini, na walitaka kumpa kitu cha kushika. Yeye akakishika. Kila alipopita karakana alisema, "Fundi, wewe uliona. Yule mtu alicheka kabla hatujaanza." Mimi niliinama juu ya kazi yangu. Sikusema ndiyo, sikusema la.

Chama kikafungwa. Kompyuta zikaja, zikakaa kwenye maboksi hadi nilipozitengenezea meza. Hizo meza ni nzuri. Nilizifanya nikiwa na huzuni, lakini ni nzuri, na mtaona miguu yake haijatikisika hadi leo. Madam aliendelea kufundisha, ila ile sauti iliyofika barabarani ilipungua ikabaki darasani. Miaka michache baadaye sukari ilimshinda, ikaingia kwenye figo, akaacha kazi kabla ya wakati wake, akarudi Malava kwa binti yake Edna.

Nilikwenda kumwona mara kwa mara. Kila nilipokwenda kulikuwa na mgeni, na kila mgeni alisimuliwa Ajinkoti. Alisimulia vizuri sana. Aliigiza sauti zote. Mvua, tope, ndoo za maji, kofia yangu iliyokwama. Alipofika kwenye siku ile ya kaunti alifupisha: "Tukaenda, na tukaibiwa." Wageni walitikisa vichwa na kumpa pole. Uso wake uliwaka akisimulia. Edna alininong'oneza siku moja kwamba hata siku zile Mama akirudi kutoka hospitali hana nguvu ya kuinua kikombe, jioni huomba aletewe mtu wa kumsimulia.

Mara ya mwisho nilimkuta peke yake. Tulikaa nje kwenye kivuli cha ukuta, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Fundi," alisema, "wewe hujawahi kusema."

"Kusema nini, Mwalimu?"

"Kwamba tuliibiwa. Wote wameniambia. Wewe peke yako, miaka yote hii, unainama tu. Ulikuwa nyuma ya pazia. Niambie. Tuliibiwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nilimkumbuka alivyosema kuhusu mateka, kwamba hawezi kuchukua ushindi akaacha hilo nyuma, na nikadhani mtu wa namna hiyo anataka kuambiwa kweli. Na mimi sijui kusema uongo. Si sifa, ni kwamba sikujifunza.

"Hapana, Mwalimu. Hatukuibiwa. Tulifanyia mazoezi kwenye tope, tukaigiza kwenye mbao kavu. Hakuna aliyeliona hilo. Wewe hukuliona, mimi sikuliona, wala watoto. Tulishindwa kwa haki."

"Na yule mwenye kofia?"

"Alicheka kwa sababu ilichekesha."

Aliniangalia. Halafu akaangalia kuku uani. "Kumbe," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Lusweti alisema samahani."

"Alisema."

"Mtoto mzuri." Midomo yake ilitaka kucheka, au ilitaka kitu kingine, sikuweza kujua. Edna alileta chai. Tulikunywa, tukaongea kuhusu mahindi. Niliporudi nyumbani nilimweleza Selina, naye akaniuliza kama Madam alikuwa ameshukuru. Nilimwambia hapana, lakini nadhani alielewa. Nililala vizuri usiku ule. Hilo ndilo linaloniuma.

Alifariki kabla sijapanga safari nyingine. Mama Ayuma ndiye aliyenipigia simu. Tulimzika Malava, watu walikuwa wengi, na wanafunzi wa zamani walisimama mmoja mmoja kusema. Lusweti alikuwepo, sasa ni mtu mzima anayeendesha trekta la miwa. Alisema Madam alimfundisha kuongea mbele za watu, na hapo hapo akashindwa kuongea. Mwalimu mmoja aliyekuwa nasi zamani alisema kwamba marehemu alinyang'anywa ushindi wake mbele ya Kakamega nzima, na watu wakaguna kwa kukubali. Niliinama kama nilivyozoea.

Watu walipoanza kutawanyika, Edna alinijia. Macho yake yalikuwa makavu, kama ya mtu aliyemaliza.

"Fundi," alisema, "siku ile ya mwisho uliyokuja. Ulimwambia nini Mama?"

"Kwa nini, binti yangu?"

"Baada ya hapo hakuisimulia tena. Hata jioni moja. Wageni walikuja wakamwomba, akasema amechoka. Alikuwa anaangalia ukuta tu. Nilidhani ni ugonjwa, lakini ilianza siku ile ile."

Nilimwambia. Sikupunguza kitu. Alisikiliza hadi mwisho, bila hasira, na alipojibu aliongea polepole kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Ungemwachia tu, Fundi."

Mtu akamwita kutoka upande wa jikoni, akaenda. Watu walikuwa wanaondoka na viti vya kukodi vilikuwa vimetapakaa uani. Nikaanza kuvikunja. Mama Ayuma alikuja akavikunja pamoja nami.